Mabaka ya uso: kabla ya kuuza mbuzi ulipie leza

Picha ni zile zile. Upande wa kushoto uso wa mwanamke wenye mabaka meusi mashavuni, upande wa kulia uso ule ule umetakata, laini kama yai lililomenywa. Chini yake kuna neno «leza», namba ya simu na jina la jiji: Nairobi, Kampala, Kigali au Dubai. Picha za namna hii huzunguka kwenye WhatsApp kutoka kundi moja hadi lingine, na hazichagui mtu. Zinamfikia mama mwenye duka mjini Goma, na zinamfikia pia mama mkulima wa Buleusa, kwenye vilima vya gurupema ya Ikobo, teritwari ya Walikale, siku anapopanda mahali mtandao unaposhika.

Swali lake ni la haki: je, mashine hiyo inaweza kuondoa mabaka haya? Jibu fupi ni kwamba mengine ndiyo, mengi hapana, na kwenye ngozi nyeusi mashine hiyo hiyo inaweza kuacha alama mbaya kuliko ile iliyokuja kuondoa. Jibu refu linafaa kujulikana kabla mbuzi hajafika sokoni.

Tuanze na safari yenyewe. Anayetoka Buleusa kwenda kutafuta daktari wa ngozi hupitia upande wa Kanyabayonga, kisha achague: kusini kuelekea Rutshuru na Goma, au kaskazini kuelekea Lubero na Butembo. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Goma ikafuata mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa na mabenki yakafunga milango. Machi 2025 vita vilifika hadi Walikale-centre kabla ya waasi kuondoka wiki chache baadaye. Watu wa Buleusa wanajua kukimbia na kurudi tangu miaka mingi kabla ya hapo. Kwao safari ya matibabu si tiketi ya basi tu. Kuna pikipiki, kuna vizuizi barabarani, kuna malazi, na kuna shamba linalobaki bila mtu.

Tena leza haimalizi kazi siku moja. Hata pale inapofaa, daktari hupanga vikao kadhaa, mara nyingi kwa kuachana wiki nne au zaidi. Tangazo la simu huonyesha picha mbili, bila kusema kwamba kati ya ile ya kwanza na ile ya pili kuna safari tano au sita.

Mwanga unaotafuta weusi

Leza ya kwanza duniani iliwashwa mwaka 1960 na Mmarekani Theodore Maiman, akitumia kito cha rubi. Miaka michache tu baadaye daktari Leon Goldman, wa Cincinnati, alianza kuijaribu kwenye ngozi za watu. Kwa muda mrefu kilichopatikana kilikuwa ni kuunguza kwa ustadi, basi. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1983, pale Rox Anderson na John Parrish, wote wa Boston, walipoeleza jinsi mwanga unavyoweza kulenga kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha vingine.

Wazo lao si gumu. Anika juani kikwembe cheusi na cheupe, kisha viguse baada ya nusu saa. Cheusi kitakuwa kimepata moto zaidi, kwa kuwa weusi humeza mwanga. Ndani ya ngozi weusi huo ni melanini, ile rangi inayotengenezwa na seli maalumu na kugawiwa kwa seli za jirani kama mwavuli wa kuzikinga na jua. Ukichagua aina ya mwanga unaomezwa na melanini, na ukaupiga kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, chembe ya rangi inapasuka kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa kuchoma nyama iliyo kando. Kisha mwili wenyewe unasafisha vipande hivyo pole pole. Ndiyo maana matokeo hayaonekani siku ile ile.

Lakini hesabu hiyo inadai kitu kimoja: pawe na tofauti kubwa kati ya weusi wa baka na weusi wa ngozi inayolizunguka. Kwa Mzungu mwenye doa la kahawia mkononi, tofauti ipo. Kwetu sisi melanini iko kila mahali. Mashine haijui lipi ni baka na upi ni uso. Inapiga weusi wote inaokutana nao, na weusi wa kwanza inaokutana nao ni ule wa juu, ule wa halali.

Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard alianza kuzigawa ngozi za binadamu kwa namna zinavyopokea jua, na leo mgawanyo huo una ngazi sita. Wakongo wengi wako ngazi ya tano na ya sita. Katika ngazi hizo leza iliyopimwa vibaya huleta mambo mawili. La kwanza ni weusi mpya: ngozi iliyokasirishwa hujibu kwa kumwaga rangi zaidi, na baka linarudi likiwa kubwa kuliko lilivyokuwa. La pili ni weupe: vidoa vidogo vyeupe kama vya mvua ya manyunyu, mahali ambapo seli za rangi zimechoka au zimekufa. Weusi huo mara nyingi hupungua kwa miezi, ila weupe unaweza kubaki.

Madaktari wanaozijua ngozi nyeusi hupendelea mwanga wa nanomita 1064, kwa kuwa unazama chini zaidi na hauzozani sana na rangi ya juu. Mashine za nanomita 532, 694 au 755 zinamezwa zaidi na melanini ya juu, kwa hiyo hatari yake ni kubwa kwa ngozi kama zetu. Kisha kuna taa kali zinazoitwa IPL, ambazo saluni nyingi huziita leza na siyo leza kabisa. Hutoa mchanganyiko wa mianga mingi kwa pamoja, na kwenye uso mweusi huchoma upesi. Mteja anayelipa pesa ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizi itakayowekwa usoni pake. Asiyejibiwa arudi nyumbani na pesa zake.

Mabaka hayana jina moja

Hapa ndipo matangazo yanapopotosha watu zaidi kuliko mahali pengine. Yanasema «mabaka» kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

Lililo la kawaida kwa akina mama ni melazma. Hukaa pande zote mbili za uso kwa kulingana, kwenye mashavu, kipaji cha uso na juu ya mdomo, na wengi huliona mara ya kwanza wakiwa na mimba. Linatokana na jua, homoni na urithi wa familia. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kulichochea pia, ingawa mama asiache njia yake ya uzazi kabla ya kuzungumza na muuguzi, maana mimba isiyopangwa ni jambo kubwa kuliko baka. Kwa wengine hupungua baada ya kujifungua. Kwa wengine hudumu miaka.

Katika melazma tatizo ni seli zenyewe, zinazofanya kazi kupita kiasi. Leza ikipasua rangi iliyokwisha kutengenezwa, seli zinatengeneza nyingine. Ni kama mtu anayefuta masizi kwenye ukuta wa jikoni huku kuni bado zinatoa moshi. Kwa sababu hiyo madaktari wa ngozi huiweka leza mwisho kabisa kwa melazma, baada ya kujikinga na jua na baada ya krimu za hospitali, na hata hapo humwambia mgonjwa wazi kwamba baka linaweza kurudi baada ya miezi. Picha ya «baada» kwenye tangazo hupigwa kabla miezi hiyo haijapita.

Aina ya pili ni weusi unaobaki baada ya kidonda: chunusi, kuungua, kuumwa na wadudu, kujikuna. Hapa Kivu tumeongezewa chanzo kingine, mpox. Aina mpya ya virusi hivyo ilionekana Kamituga, Kivu Kusini, mwezi wa Septemba 2023, ikafika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Chanjo zilianza Goma tarehe 5 Oktoba 2024. Wengi walipona, ila nyuso zikabaki na alama, nyingine nyeusi, nyingine zimepauka, nyingine zimebonyea. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo anapaswa kujua kwamba rangi ya alama hizo mara nyingi hujirekebisha yenyewe kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, mradi tu ngozi isisuguliwe, isipakwe vitu vikali na isipigwe jua bila kinga. Mashimo ni jambo jingine. Hayo hayaondoki kwa kusubiri. Lakini hakuna sababu ya kumpeleka mtoto kwenye mashine kwa ajili ya rangi ambayo mwili wake bado unaifanyia kazi.

Kuna vinundu vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na karibu na macho kadiri mtu anavyokua, hasa katika familia fulani. Aldo Castellani alivieleza katika vitabu vya udaktari mwaka 1925. Havina madhara, na vinaweza kuondolewa kwa sindano ya umeme au leza na mtu anayejua kazi, au kuachwa tu. Wazee wengi wanavyo na hawana habari navyo.

Halafu kuna ugonjwa mmoja ambao kwa kweli leza ndiyo tiba yake: baka la kijivu au la bluu upande mmoja wa uso, kuzunguka jicho, ambalo mtu huzaliwa nalo au humtokea akiwa kijana, na wakati mwingine hata weupe wa jicho lenyewe huwa na rangi ya bluu. Linaitwa baka la Ota, kwa jina la daktari Mjapani aliyelieleza mwaka 1939. Rangi yake iko chini sana, krimu haiifikii. Leza ya mapigo mafupi inaifikia, kwa vikao kadhaa, na matokeo yake ni mazuri kuliko karibu kila kazi nyingine leza inayofanya kwenye rangi ya uso. Mwenye baka hilo apimwe pia macho, kwa sababu presha ya jicho inaweza kupanda.

Mpaka hapa tumezungumza weusi. Weupe ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ni habari nzito zaidi kwa kijiji kama Buleusa. Baka lililopauka usoni linaweza kuwa ukungu wa ngozi, unaotibika kwa dawa ya bei ndogo. Linaweza kuwa mbalanga, ambapo kinga ya mwili inaziua seli za rangi. Hauambukizi, haukutokana na laana, na ipo leza maalumu ya nanomita 308 ambayo hutumiwa kuiamsha rangi irudi, kinyume kabisa na ile ya kufuta. Na linaweza kuwa ukoma.

Ukoma haujaisha. Kongo bado ni moja ya nchi za Afrika zinazotangaza wagonjwa wapya wengi kila mwaka. Dalili yake inayojulikana ni baka lililopauka au jekundu ambalo halina hisia. Muuguzi hugusa kwa pamba laini, mgonjwa akiwa amefumba macho. Akiwa hasikii, jambo limekuwa kubwa. Dawa ni za bure tangu mwaka 1995, zinamezwa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa anayezianza mapema anaokoa vidole vyake, macho yake na uso wake. Usoni hisia hupotea kwa kuchelewa, kwa hiyo muuguzi mzuri haishii kwenye uso, anaangalia mwili mzima na kupapasa mishipa ya viwiko na shingo. Mtu mwenye baka la aina hii ambaye anaweka akiba ya leza kwa mwaka mzima anapoteza mwaka ambao hana.

Krimu ndiyo iliyotangulia

Nyuso nyingi zinazofika kwa daktari wa ngozi zikiuliza leza hazikuharibiwa na jua wala mimba peke yake. Zilipitia kwanza kwenye kopo. Kila mmoja wetu ameshamwona mtu mwenye uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi, na masikio ya rangi ya tatu. Pwani wanaita kujichubua, na mchanganyiko wenyewe wanauita mkorogo.

Ndani ya makopo na tyubu hizo kuna mambo matatu ya kuogopa, na majina yake yameandikwa kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo, nyuma ya karatasi: hydroquinone, clobétasol au bétaméthasone, na mercure, yaani zebaki. Mara nyingi lebo haisemi lolote, na hiyo ndiyo hatari zaidi.

Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kukaa kwenye figo. Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa kuhusu watu wazima 60 waliolazwa kwa ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Walikuja hospitali kwa ajili ya miguu iliyovimba, bila kujua kwamba uso ndio uliowaleta.

Hydroquinone ni kisa chenye pande mbili. Kwa mkono wa daktari, kwa kiasi kidogo na kwa miezi michache, bado ni moja ya dawa za melazma zinazotegemewa. Mwaka 1975 Albert Kligman wa Marekani aliichanganya na dawa nyingine mbili, na mchanganyiko huo umeendelea kutumika hadi leo katika sura mbalimbali. Lakini mwaka ule ule wa 1975, huko Afrika Kusini, daktari Findlay na wenzake walieleza wanawake waliotumia hydroquinone kali kwa miaka, juani, na nyuso zao zikageuka kuwa za bluu-nyeusi, zenye chembe chembe kama mayai ya samaki. Ugonjwa huo unaitwa okronosisi. Anayeupata huona weusi umezidi, akaongeza krimu, na weusi ukaongezeka tena. Mwaka 1990 Afrika Kusini ikapiga marufuku hydroquinone katika vipodozi.

Sasa angalia mzunguko wenyewe. Krimu inaleta okronosisi, okronosisi inampeleka mama kwenye tangazo la leza, na okronosisi ni moja ya mabaka ambayo leza inahangaika nayo zaidi. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati kitu, na hakuna daktari mwaminifu atakayeahidi uso wa zamani. Kuna biashara inayopata mara mbili kwa uso mmoja.

Clobétasol na ndugu zake ni dawa za kweli za ukurutu, zinazouzwa farmasia bila mtu kuulizwa swali. Zikipakwa usoni kila siku ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, nywele zinaota mashavuni. Zikipakwa mwili mzima kwa miaka zinaingia kwenye damu: presha, kisukari, vidonda visivyofunga. Mama anapofanyiwa upasuaji wa kujifungua, jeraha linachelewa kupona kwenye ngozi kama hiyo. Na kuna mtego wa mwisho: ukiziacha ghafla, uso unawaka, unawasha na kutoa vipele, hivyo wengi hurudia tyubu wakidhani wameugua ugonjwa mpya. Aliyezipaka mwili mzima kwa muda mrefu asiziache kwa siku moja. Amwone daktari, apunguziwe kidogo kidogo, kwani mwili unaweza kuwa umesahau kujitengenezea homoni zake.

Serikali za ukanda zimekuwa zikipiga marufuku, kila moja kwa wakati wake. Rwanda ilifanya msako mkali mwishoni mwa 2018 baada ya Rais Paul Kagame mwenyewe kulizungumzia kwenye mtandao. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio dhidi ya vipodozi vyenye hydroquinone, na Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Kwa upande wa zebaki, nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kuiondoa kabisa kwenye vipodozi kufikia 2025. Karatasi zipo. Katika soko ambalo bidhaa huingia kwa njia ambazo hata askari wa forodha hawazipiti, kopo linauzwa kando ya sabuni na chumvi.

Kinachowezekana bila kutoka kijijini

Buleusa iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, tena juu mlimani, na mionzi ya jua inayobadili ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1000. Baridi ya asubuhi inadanganya. Jua la kule ni kali hata kama hulisikii. Mama anayelima maharagi au muhogo tangu asubuhi hadi mchana huinama huku mashavu yakipokea mwanga kutoka juu na kutoka ardhini.

Kofia yenye ukingo mpana, ya majani au ya kitambaa, inafanya kazi ambayo chupa nyingi za mafuta ya jua haziwezi. Ngozi nyeusi hubadilishwa rangi pia na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na mafuta mengi meupe ya jua hayauzuii huo. Yanayouzuia ni yale yenye rangi ya udongo ndani yake, yenye madini ya chuma, ambayo ni ghali na ni adimu huku kwetu. Kofia inazuia yote mawili. Kikwembe kilichovutwa mbele kufunika kipaji cha uso, mwavuli njiani, kazi nzito kabla ya saa nne ya asubuhi na baada ya saa tisa ya alasiri: haya ndiyo daktari wa Nairobi atamwambia pia, baada ya kulipwa.

Kuna pia vya kuacha. Ndimu na limau usoni, kisha jua, huchoma ngozi na kuacha weusi mkubwa zaidi. Watu wanadhani inasafisha kwa kuwa inauma. Dawa ya meno, javel na manukato kwenye mashavu yawekwe kando. Sabuni laini na mafuta ya kawaida yasiyo na harufu yanatosha.

Kituo cha afya hakina leza, lakini muuguzi ana pamba ya kupima hisia, ana macho, na mara nyingi ana simu. Picha nzuri ya uso, iliyopigwa mchana kivulini bila poda, inaweza kufika kwa daktari aliye mbali ikiwa mgonjwa amekubali. Kuna mambo yasiyosubiri picha: baka lisilo na hisia, doa jeusi linalokua au kutoa damu, wekundu mashavuni unaoandamana na maumivu ya viungo na homa, na uso wa mtoto mwenye ualbino ulioanza kutoa vidonda. Kwa hao, njia ya hospitali inafaa kutafutwa hata ikiwa ngumu.

Kwa atakayesafiri

Madaktari wa ngozi ni wachache katika ukanda wote huu. Kituo kilichofundisha wengi wao kiko Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992. Hapo hapo ndipo hutengenezwa pia mafuta ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nairobi, Kampala na Kigali wapo wenye mashine na ujuzi, na wapo pia wenye mashine tu.

Tofauti inajulikana kwa maswali. Nani atashika mashine, daktari wa ngozi au mfanyakazi wa saluni? Ni nanomita ngapi? Ameshatibu nyuso nyeusi kama yangu, na picha zake ni za baada ya wiki mbili au baada ya mwaka? Atajaribu kwanza sehemu ndogo, chini ya taya au karibu na sikio, kisha asubiri wiki nne au sita aone? Macho yatafunikwa kwa vifuniko maalumu? Nani atapokea simu ikiwa uso utavimba nikiwa nimesharudi Walikale? Daktari mzuri naye atauliza: una mimba, una tabia ya kuota makovu makubwa, unameza dawa gani. Na atauliza umepaka nini usoni katika miaka mitano iliyopita.

Swali hilo la mwisho wengi hulijibu kwa aibu, wakataja sabuni tu. Ngozi iliyochoshwa na clobétasol au hydroquinone ikipigwa leza mapema huungua kwa urahisi, na daktari aliyefichwa habari hupima nguvu ya mashine kwa ngozi ambayo haipo. Anayekwenda abebe makopo na tyubu zote, hata zile zilizokwisha, hata ile aliyopewa na shemeji bila karatasi yake, azifunge kwenye mfuko mmoja na kuziweka mezani siku ya kwanza.